Somo Yako Nani?

Haya, nimesimama. Salaam kwenu mliopata mikeka, na kwenu mliokaa mchangani. Tangu kabla ya alasiri mnaniita nami najificha nyuma ya nguzo, mnajua. Sasa somo yangu ameniona. Amenielekezea gongo lake. Basi, nimeshindwa.

("Na uwe mfupi!" Mnamsikia? Ni yeye huyo. Mguu umebaki mmoja, mdomo uko palepale.)

Ndugu zangu, nianze na jambo lenyewe ili msikae mkijiuliza. Leo hapa Mtawanya kila anayejifunza kufunga vidonda anapewa somo yake, na kina mama wanaojifunza ukunga hali kadhalika, na vijana wanaojifunza kufundisha watoto Kurani chuoni. Mimi nimeletewa mwali wangu wa kumfunda, nikamkataa. Mkamleta tena, nikamkataa tena. Yuko pale karibu na mtungi, kainamisha kichwa. Wengi mnajua kwa nini. Huyo ndiye aliyeuvunja mkono huu. Sitamtaja jina, wala sitataja jina la mtu yeyote, maana vita vimekwisha na majina yana watoto. Lakini jibu mnalitaka leo, ndiyo au hapana, na mimi sina subira ya kulibeba mpaka kesho. Nitasimulia, kisha nitajibu. Mkiona nakimbia, niacheni nikimbie, kuna mahali siwezi kusimama sana.

Mimi nilisoma. Shule kubwa ya serikali kule pwani, shule ya Wadachi, mpaka darasa la juu. Kila asubuhi mwalimu anaingia na fimbo ya mkwaju, anamwelekezea mmoja wetu, anasema maneno mawili tu: "Somo lako?" Unaruka. Unasimama wima, mikono mapajani, unakariri. Ukikwama, unalala kwenye benchi na fimbo inafanya kazi yake. Hiyo ndiyo maana ya somo niliyotoka nayo shule, kitu cha kukariri huku umebana makalio. Nisameheni kina mama.

Nilidhani nikimaliza nitapewa ukarani, kofia na viatu. Nikaletwa huku Kibiti, kwenye banda la dawa kando ya njia, nijifunze kuosha na kufunga vidonda. Nikamkuta mtu mfupi, kipara, tumbaku shavuni. Anakamua jipu la mzee mmoja na anamtukana wakati huohuo, na yule mzee naye anamrudishia. Hakunitazama.

"Wewe ndiye msomi?"

"Ndiye mimi. Jina langu…"

"Jina sikuuliza. Hapa utaitwa Mwali."

Wagonjwa barazani wakacheka, mmoja mpaka kikohozi kikamshika. Nikapandisha hasira. "Mwali ni binti anayetolewa unyagoni, bwana. Mimi ni mwanamume, na nimesoma."

"Haya, msomi. Mwali ana nani?"

"Ana somo."

"Kazi ya somo?"

Hilo hata mtoto wa Mrima analijua. Nikamjibu kwa kiburi: "Anamfunda. Na mwali akikosa, hataulizwa mwali. Ataulizwa somo yake."

"Sawasawa. Basi mimi ndiye nitakayeulizwa. Sasa kaa chini ushike bakuli hili, usaha usinimwagikie."

Ndiyo ilivyokuwa. Yeye naye alifundwa hivyohivyo kwenye hospitali ya mjini, alikuwa na somo yake, na huyo somo alikuwa na yake. Mambo yao yalikuwa mawili. La kwanza, hugusi kidonda kabla hujasema unaona nini. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nikajibu, "Naona kidonda."

"Hata nzi anaona kidonda. Unaona nini?"

Nikasema kimepasuka. Akasema endelea. Nikasema kingo zake nyeusi, katikati pana maji ya njano, kinanuka. Akasema kinanuka nini, tamu au chachu? Nikasema mimi si mpishi. Nikala kofi la kisogo. Ilikuwa hivyo siku nzima, mgonjwa baada ya mgonjwa: unaona nini, unaona nini. La pili, mtu hafungi mfupa peke yake. Mmoja anafunga, mwenzake anashika upande wa pili. Hata awe bingwa namna gani. "Mfupa una ncha mbili," alikuwa akisema, "na wewe akili yako moja, tena nusu iko kwenye viatu."

Nilimchukia, ndugu zangu. Nilitaka kisanduku changu cha dawa, banda langu, niagize watu. Nikamwambia, "Mimi mambo haya nimeyashika." Akatema tumbaku. "Kisanduku utapewa siku nitakayochoka kuulizwa."

Vita vikatangulia.

Pamba mnaikumbuka. Watu waliotoka kulima mashamba ya pamba ya serikali ndio waliojaza banda letu, migongo imechanika kwa kiboko, na kila mgongo niliambiwa niseme naona nini, nikasema, nikasema, mpaka nikawa siwezi kula nyama. Halafu yakaja maji ya dawa. Sitabishana leo juu ya maji yale. Wengine hapa mliyanywa na mkazika ndugu zenu waliokunywa nanyi, na mimi si mtu wa kuwasimanga.

Wa kwanza wa vita aliletwa kwa machela, mtu wa akida, shoka limemkaa begani mpaka mpini. Somo yangu akauliza, unaona nini. Nikawa bado nataja, bega, mfupa wa mtulinga, damu nyeusi, na yule mtu akafa katikati ya maneno yangu. Nikatupa kitambaa chini. "Tumezungumza mno!" Somo yangu akasema, "Huyu alikufa njiani, mwali. Hukuona hilo, ndilo la kwanza la kuona." Akamfumba macho.

Banda letu lilichomwa mchana kweupe. Nani alichoma, sijui mpaka leo. Somo yangu alikuwa ametoka na kisanduku kumwona mgonjwa, mimi nikakimbia na nguo niliyovaa, nikashika njia ya Mbwara. Sikufika mbali. Wakatoka kwenye majani watu wenye mabua ya mtama vichwani, gobori chache, mikuki, mashoka. Wakanizunguka.

Mkubwa wao alikuwa mtu wa milimani, Mmatumbi, kibuyu cha maji kinaning'inia kifuani, Kiswahili chake cha kukwaruza. Hakuwa na hasira, nasema kweli. Alikuwa amechoka. Alitaka kujua kitu kimoja tu, mimi ni mwenzao au mtu wa boma. Na kwetu kujua hilo ni rahisi. Mtu mwenye somo hapa ana wa kumjibia hapa, basi huyo ni wetu. Akaniuliza:

"Wewe. Somo lako?"

Angesema "somo yako nani", kama tunavyosema huku, leo ningekuwa na mkono mzima. Yeye akasema "somo lako". Na masikio yangu yalikuwa yamejaa woga, nikasikia fimbo ya mkwaju. Nikaruka! Nikasimama wima, mikono mapajani, nikapaza sauti:

"Somo la tatu! Bendera ya serikali yetu ina rangi tatu, nyeusi, nyeupe na nyekundu!"

Chekeni. Chekeni tu, hata wao walicheka. Mmoja alikaa chini kabisa akishika mbavu. Kisha kicheko kikakatika. Wakatazamana. Hapo nikajua nimejiua kwa mdomo wangu mwenyewe.

Akatoka kijana mmoja, rika langu. Ndiye huyo aliyekaa karibu na mtungi. Akasema, "Huyu mwandishi. Ndio hawa wanaotuandika majina tukachapwe. Mkono wako wa kuandikia upi?"

Nikampa wa kushoto.

Akaunusa. Akauchukua wa kulia, akatazama kidole hiki, akacheka. "Anadanganya. Wino uko huku."

Palikuwa na nyumba imeachwa wazi. Wakatoa kinu, wakakigeuza chini juu. Mkono wangu ukawekwa pale, watu wawili wakanikalia bega na kiwiko. Kijana akainua mchi. Ndugu zangu, alitwanga kama watu wanavyotwanga mpunga, na ile "hm!" ya kifua wakati mchi unashuka. Pigo la kwanza nilisikia mlio kabla sijasikia maumivu. Nikafikiri amekosea, amepiga mti. Akainua tena. Hakuacha mpaka mkono ukawa hauna umbo. Kina mama, mnisamehe, mpaka leo jirani akianza kutwanga mimi natoka nyumbani.

Nikiwa nimelala mdomo mchangani nikasikia mmoja anauliza tumalize kwa mkuki au tusipoteze mkuki. Na sauti nyingine nikaisikia, ya njiani, inatukana.

"Pisheni! Pisheni nyie, mmesimama kama ng'ombe! Yuko wapi mwali wangu?"

Alikuja peke yake na kisanduku kichwani. Njia ile ilikuwa na maiti, alizivuka, akaja. Mkuki ukawekwa tumboni pake.

"Wewe nani?"

"Mimi somo yake. Akikosa huyu, niulizeni mimi."

"Amekosa."

"Najua. Huyu kila siku anakosa. Juzi kafunga mguu wa mtu kama anafunga mzigo wa kuni. Amekosa nini leo?"

Mkubwa wao akamweleza habari ya bendera. Somo yangu akanitazama pale chini, akatikisa kichwa. "Lo! Nimepewa mpumbavu." Wakaguna, mmoja akacheka. Akageukia kundi. "Mna majeruhi wangapi? Yule pale anaoza goti, namsikia kwa pua. Mimi ningewafungia, lakini mikono yangu ni minne, mmoja mmeuvunja kwenye kinu. Sasa mnaniuliza mimi, au mnaniua? Amueni, jua linakwenda."

Hawakumwua. Wakamwambia awatibu wao kwanza, mimi mwisho. Akawatibu. Alipofika kwangu jua lilikuwa limeshuka kwenye miti na mkono umevimba kama mkate. Alitaka mtu wa kushika upande wa pili. Akamwita huyo kijana.

"Wewe wa mchi. Umevunja, njoo ushike."

Kijana akanitazama. Akatema mate, akaondoka.

Wengine walikuwa wameshalala hoi. Basi somo yangu akafunga peke yake, ncha moja ya kitambaa mkononi, nyingine menoni, huku analaani. Ile amri yake ya watu wawili, aliivunja mara moja tu maishani, na ilikuwa juu yangu. Mkono ukaunga upande. Ndio huu.

Tukaenda nao. Wafungwa si wafungwa, wenzao si wenzao. Kila penye vita tunaletewa watu. Nami nikaanza kutetemeka. Kikombe sikishiki. Kitambaa sikishiki, hata kwa kushoto. Somo yangu bado ananiuliza, unaona nini, na mwanzo nilijibu, yeye akafanya. Baadaye nikaacha kujibu. Nikaacha kusali. Nikaacha kusema. Nilikaa kama gogo la mkoko, mtu akinigusa nampiga kichwa. Wakasema maji yamenigomea. Hayo ndiyo maanguko yangu, ndugu zangu. Mtu anaweza kuwa hai, anakula, anatembea, na hayupo.

Halafu kivuko.

Sitakitaja ni kipi, waliokuwepo wanakijua. Askari walikuwa ng'ambo, wamelala kwenye majani, na bombom mbili, zile bunduki zinazomwaga risasi. Watu wetu waliingia mtoni wakipiga kelele "Maji! Maji!" na maji yenyewe yakawapokea. Bombom ilicheka, nasema ilicheka, ule ndio mlio wake. Mstari wa kwanza ulikaa chini majini kama watu wanaooga. Wa pili ukapita juu ya wa kwanza. Yule mkubwa mwenye kibuyu nilimwona kibuyu kikipasuka, na kifua nyuma yake. Mto ukabadilika rangi mpaka kwenye magugu tuliyojificha, na mamba, mnawajua mamba wetu, hawakungoja vita viishe.

Mtu mmoja akatambaa mpaka miguuni petu. Akageuka. Ni yeye, wa mchi.

Somo yangu akanivuta kwa shingo ya kanzu. "Mwali! Unaona nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi nikafungua mdomo. "Namwona aliyenivunja mkono."

"Sikukuuliza ni nani. Nimekuuliza unaona nini!"

Risasi zinakata majani juu yetu, naye ananitazama kama tuko barazani Kibiti, kama siku nzima ni yetu. Sijui kwa nini nilijibu. Nilisema, "Tundu pajani. Damu inatoka kwa kuruka."

"Ikitoka kwa kuruka?"

"Itaisha."

"Basi kandamiza! Kwa goti, kama mkono huna!"

Nikaweka goti langu juu ya paja la mtu yule, nikakandamiza kwa uzito wangu wote, na nilitaka limuume. Sifichi. Somo yangu akafunga. Alipokaza fundo la mwisho nikasikia kitu kama ukuni unaovunjwa, akakaa kitako, akatazama mguu wake. Mfupa wa muundi ulikuwa umetoka nje.

"Aa," akasema. "Na mimi."

Yule wa mchi alikuwa ameshatambaa majanini. Akaondoka tena. Mnaona ninachosema? Mara mbili.

Nilimburuta somo yangu kwa meno na mkono mmoja mpaka kwenye mtumbwi uliotupwa, mto ukatuchukua. Nyuma yetu askari walivuka na kuwamaliza waliokuwa bado wanasogea, kwa singe, kuokoa risasi. Tulikwenda na mto mpaka kwenye mashamba ya mpunga ya delta, karibu na mikoko, na mguu ulikuwa umeshaanza kunuka. Tamu. Siku hiyo nilijua kwa nini alikuwa akiniuliza tamu au chachu.

Mama mmoja alikuwa juu ya dungu lake la nguzo ndefu la kulindia mpunga, peke yake, anafukuza ndege kwa kombeo la ngozi, kana kwamba dunia bado ipo. Mume wake alikuwa amenyongwa wiki za nyuma. Akatutazama. Akatazama mguu. "Mpandisheni," akasema, kana kwamba tuko wengi. Mama yangu yule yupo hapa, anapika huko uani, na akinisikia namsifu atanitupia mwiko.

Tukampandisha. Kutoka juu ya lile dungu niliona moshi, dungu baada ya dungu, askari wanakuja wanachoma mpunga. Somo yangu hakuweza kusogezwa. Mguu usipotoka, anakufa. Akipiga kelele, tunakufa wote.

Kisanduku kilikuwepo, na msumeno mdogo wa mfupa ndani yake. Nikaushika. Mkono ukatetemeka hata msumeno ukalia kwenye mbao za dungu, taktaktak. Nikauweka chini.

"Siwezi, somo. Mkono unatetemeka."

Alikuwa kijivu, jasho limemjaa. Akafungua jicho moja. "Sikukuuliza mkono. Mwali, unaona nini?"

"Somo, tafadhali…"

"Unaona nini?"

Nikalia. Nililia kwa sauti ya chini kama mtoto aliyefungiwa nje. Kisha nikasema. Naona muundi umevunjika pande mbili. Naona nyama nyeusi mpaka chini ya goti. Juu ya goti ngozi bado ina joto, rangi yake njema.

"Basi utakata wapi?"

"Juu ya weusi."

"Nani anashika upande wa pili?"

Yule mama akajibu kabla yangu. "Mimi." Akavua ukaya wake wa kichwani, akamfunga somo yangu mdomoni, akashika mguu kwa mikono miwili kama anavyoshika kichwa cha mtoto anayetoka. "Fanya, mwanangu. Moshi uko karibu."

Nikamfunga kamba juu ya paja. Nikakata nyama. Ndugu zangu, nitawaambia kitu ambacho shule haikunifundisha. Mkono unaotetemeka unaweza kukata. Unakata vibaya, unakata kwa tabu, lakini unakata, mradi kuna mtu ameshika upande wa pili. Niliegemeza kiwiko changu kwenye goti la mama yule, nikavuta msumeno. Somo yangu hakupiga kelele. Alitafuna ule ukaya mpaka ukatoboka, na kila nilipositasita akanigonga kichwani kwa kidole, pale kisogoni, kama zamani. Mguu ukatoka. Nikachoma mishipa kwa kisu cha moto. Akazimia, Alhamdulillah, maana tusi alilokuwa analiandaa nililiona machoni.

Askari walipita. Walichoma dungu la jirani. La kwetu hawakulichoma, sijui kwa nini, labda walichoka, labda njaa. Sitawatungia sababu.

Njaa iliyofuata mnaijua, sitawafundisha. Tulichimba mizizi ya ndiga porini, tulikula mbegu za maua ya maji, tulizika watu bila sanda. Somo yangu akapona, mimi nikamfunga kila siku, mama yule ameshika upande wa pili. Na kila siku, kabla sijagusa, aliuliza. Nikajibu. Siku moja nikagundua nimekunywa maji kwa kikombe bila kumwaga. Yaliniponyoka siku iliyofuata, lakini siku moja hiyo nilikunywa.

Tulipotulia hapa Mtawanya watu wakaanza kuja, mmoja kipofu, mmoja hana sikio, mmoja aliyeungua motoni. Wakaja na wanaotaka kujifunza. Na mwisho akaja huyo wa karibu na mtungi, anachechemea, akasema anataka kufundwa. Somo yangu akasema mbele ya watu, "Huyu ni wa mwali wangu." Mimi nikasema hapana. Nikasema mkono wangu, mguu wako, mara mbili aliondoka. Nikasema nitamfundisha mtu yeyote, hata mbwa. Somo yangu akasema, "Sawa. Mimi siwezi kukulazimisha. Ila uniambie unaona nini." Nikatoka nje nikapiga teke mtungi. Mtungi nimelipa.

("Hukulipa!")

Nitalipa.

Basi ndugu zangu, kabla sijajibu, shukrani. Namshukuru mama wa dungu, aliyevua ukaya wake kwa watu asiowajua. Namshukuru huyu mkaidi mwenye gongo, aliyevuka maiti kuja kuulizwa kosa ambalo si lake. Na nyinyi mnaoanza leo, wa vidonda, wa ukunga, na nyinyi wa chuoni mtakaoshika fimbo ya mkwaju mbele ya watoto, nawaomba jambo moja. Usimpe mwanafunzi kisanduku ukaondoka. Usimwulize "somo lako" ili akariri. Simama naye umwulize anaona nini, na akikosa, uwe wewe unayeulizwa. Mimi nilikariri nikavunjwa. Niliulizwa nikapona. Sina elimu nyingine.

Sasa wewe. Ndiyo, wewe. Toka hapo mtungini. Njoo mbele, watu wakuone.

Kaa. Tazama mkono huu. Usiniangalie usoni. Unaona nini?

"Naona dhambi yangu, bwana."

Sikukuuliza hiyo. Hata nzi anaweza kulia hapa. Unaona nini?

"Naona… vidole viwili havinyooki. Hiki kimelalia mwenzake. Mfupa wa kiganja umeunga upande. Unatetemeka."

Kwa nini umeunga upande? Ulikuwepo. Sema.

"Aliyefunga alikuwa peke yake. Aliniita nishike. Nikaondoka."

Mmemsikia. Ameona. Mimi ilinichukua muda mrefu zaidi yake kuona kitu kilicho mbele ya macho yangu.

Lete mkono wako. Siyo hivyo, chini ya kiganja. Bana. Kaza kidogo, hautavunjika, umeshavunjika.

Basi shika hapo hapo, mwali. Na nyinyi nyote hapa ni mashahidi wangu. Kuanzia alasiri hii, akikosa huyu, niulizeni mimi.